Aliyeonja Kwanza

Nilimwondoa meneja wa timu yangu siku ya Jumatatu asubuhi, na watu walipouliza sababu niliwaambia ni pombe. Waliniamini. Mimi nilikuwa mtu aliyeokoka, sigusi pombe wala tumbaku, na yeye alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kama walivyokunywa wanaume karibu wote wa Karagwe, kwa hiyo maneno yangu yalikaa vizuri. Mchungaji alinipa mkono na kusema nimekuwa na msimamo. Sikuwa na msimamo wowote. Nilikuwa na wivu, tena wivu wa kunyima usingizi, na kwa kuwa nimekula chumvi nyingi na wengi wa kunicheka wamekwisha kutangulia, naandika mambo kama yalivyokuwa.

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa na duka Kihanga. Kwetu ni upande wa Bukoba. Nilikuja Karagwe nikiwa kijana mwenye baiskeli na mzigo wa chumvi na vitambaa, nikanunua kahawa kwa wakulima, nikajenga, nikaoa, na watoto wangu wote wakazaliwa pale. Hata hivyo wenyeji waliniita Mhaya wa dukani. Nilikuwa naweza kumsalimu mtu kwa Kinyambo safi tangu barabarani mpaka mlangoni kwake, tukaulizana habari za migomba na za ng'ombe, kisha nikamsikia anamwambia mkewe ndani, "Mhaya wa dukani yuko nje." Miaka kumi na nane bado niko nje. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokubali kuonyesha.

Siku moja nilikwenda Bukoba kuchukua bidhaa, nikapita uwanjani kukiwa na mchezo. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja mnene, mwenye timu, na alipofika watu walimpisha njia, wazee kwa watoto, kila mmoja akitaka kuonekana amemsalimu. Kuhusu mpira wenyewe sikuelewa kitu. Nilidhani yule anayedaka kwa mikono ni mdanganyifu na nikashangaa hakuna anayemkemea. Nilichokielewa ni ile njia iliyofunguka mbele ya yule mnene. Nikarudi Kihanga na mpira wa ngozi juu ya magunia ya chumvi.

Haikuchukua mwezi. Vijana walikata miti wakasimamisha magoli kwenye malisho, na mimi nikawa mwenye mpira, halafu mwenye timu. "Shikamoo, mwenye timu." Nilikuwa nimepata jina ambalo halikuwa na Bukoba ndani yake. Ningeambiwa nichague kati ya jina hilo na lori langu, ningetembea kwa miguu.

Lakini timu inahitaji mtu anayejua mchezo, na mtu huyo alikuwa kibarazani kwangu. Alikuwa fundi cherehani wangu, Mnyambo wa palepale, umri kama miaka thelathini, mwembamba, mwenye midomo iliyozoea kubana pini. Alikuwa amekwenda Uganda kufanya kazi kwenye mashamba ya watu, kama walivyokwenda wengi, na huko alicheza. Nilimwita siku moja nikamwambia, "Fundi, hawa vijana wanakimbia kama ng'ombe waliokatikiwa kamba. Wasimamie."

"Waitu tajiri," alijibu, na neno hilo la heshima la kwetu alilitamka kwa moyo kila mara, "nitawasimamia kwa niaba yako."

Kwa niaba yako. Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu aliyashika mpaka mwisho, na ndiyo yanayofanya habari hii iwe mbaya kwangu.

Alishona jezi kumi na moja kutoka kwenye jora la kitambaa chekundu la dukani kwangu. Aliandika barua kwa timu za Nyakatuntu na za njia ya Murongo, akawapa wasafiri wazipeleke. Alijua nyumbani kwa kila mchezaji, nani baba yake ana hasira, nani anatakiwa kuchuma kahawa Jumamosi na lazima aombewe ruhusa. Alikuwa anatoka na baiskeli yangu alfajiri kwenda kumwomba mzee fulani amwachilie mwanawe kwa saa mbili, na huyo mzee akikataa, fundi anaingia shambani kuchuma naye mpaka kikapu kijae. Watu wakaanza kumwita meneja. Nilicheka pamoja nao, kwani jina hilo lilionyesha kwamba timu yangu ni kubwa kiasi cha kuwa na meneja. Nilijivika kilemba cha ukoka mwenyewe.

Sijui kijicho kilianza siku gani. Nadhani kilianza na senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Majira yao yalipofika, akina mama wa wachezaji walikuja na senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye majani ya migomba, na wote walikwenda kibarazani kwenye cherehani. Walikuwa wanapita mbele ya mlango wa duka langu! Nilikuwa nasimama nyuma ya kaunta, nimeshika kipimo cha chumvi, nahesabu vifurushi. Fundi hakuviweka. Kila jioni aliviingiza dukani, akavigawa mbele yangu sawa kwa sawa, nusu yangu nusu yake, na mara nyingi nusu yangu ilikuwa kubwa. Nilivila nikiwa nimenuna. Senene watamu kama wale, na mimi natafuna kama mtu anayetafuna kamba.

Halafu nikaanza kuona kila kitu. Mchezaji akifunga goli alikimbilia kwa fundi. Nilipeleka kiti changu cha mikono mpaka kwenye mstari ili nionekane, na kweli nilionekana, ila fundi alikuwa anakimbia pembeni ya uwanja na kurudi, kaptula imepauka, anaita huyu, anamtuliza yule, na macho ya watu yalikwenda naye. Nilikuwa nimeketi pale kama mgonjwa aliyetolewa nje kuota jua.

Nyakatuntu ndiko nilikotiwa chumvi kwenye kidonda. Tulikwenda kucheza huko na lori langu, na mimi mwenyewe niliendesha kwa kuwa dereva aliumwa. Tulipofika, wenyeji walimzunguka fundi, wakambeba mabegani, vigelegele juu. Mzee mmoja mwenye kanzu akanijia, nikanyoosha shati langu. Akaniambia kwa upole sana, "Dereva, pole na njia. Chakula chako kipo kule nyuma kwa wapishi."

Nilikwenda. Ungefanya nini? Nilikula ndizi na maharage na wapishi, na wapishi walikuwa watu wazuri, na sikuwaambia mimi ni nani. Fundi aliponikuta huko alishtuka, akataka kwenda kumwambia yule mzee. Nikamkataza. Nilitaka kosa libaki kosa, nipate kulitunza.

Mke wangu alinijua mapema. Yeye ni mtu wa kusema kilicho mbele yake. Jioni moja nilikuwa namweleza kwamba fundi amekuwa na kiburi, amechelewa kumaliza gauni la mke wa karani, sijui ameongea na nani bila kuniuliza. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa.

"Baba, wewe una wivu."

"Wivu na fundi? Mimi?"

"Tena kama mke mwenza," alisema, akaendelea kumenya.

Sikuzungumza naye siku mbili. Alifurahia ukimya huo.

Sasa ikaja siku ya wageni kutoka ng'ambo. Fundi alikuwa ameandikiana na timu moja ya upande wa Uganda, watu aliowajua tangu alipofanya kazi kule, na wakakubali kuvuka mto pale Murongo waje wacheze Kihanga. Hakuna timu ya pande zetu iliyokuwa imewahi kuleta watu kutoka nchi nyingine. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo siku yangu. Karamu ingekuwa nyumbani kwangu, ng'ombe angekuwa wangu, na mtu yeyote atakayeingia kwenye uzio wangu atajua mwenye timu ni nani bila kuuliza.

Jambo moja tu lilinitatiza, nalo ni rubisi. Mgeni wa heshima katika nchi yetu hakaribishwi kwa maji. Wazazi wa wachezaji walikuwa wamekwisha kukamua ndizi na kuchachusha pombe yao, na sikuwa na ubavu wa kuwakataza. Lakini miaka miwili nyuma nilikuwa nimesimama kanisani, mbele ya Walutheri wote wa Kihanga, nikatubu ulevi wangu kwa machozi, nikavunja kibuyu changu cha kunywea juu ya jiwe. Kwa hiyo nilipata ujanja. Pombe haitaingia nyumbani. Itakaa nje, kwenye kibanda cha kuanikia kahawa, na mimi nitakuwa mahali ambapo siioni vizuri. Nilidhani Mungu naye hataiona vizuri.

Mchezo ulikwisha mabao mawili kwa mawili, hakuna aliyeona haya. Tukaja nyumbani. Wageni waliketi kibandani, kwenye majani mabichi tuliyotandika, kibuyu kikubwa kikaletwa na mrija ndani yake, kikawekwa katikati. Kisha watu wakanyamaza.

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau, mimi niliyekunywa miaka ishirini. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Anavuta mrija mbele ya wageni, anameza, wanamwona amemeza, ndipo wanajua kwamba kilichomo ni kinywaji na si kifo. Mgeni hawezi kugusa kabla ya hapo. Na mwenye pombe asipoonja, amewatukana. Wala haonji mtu yeyote tu. Anayeonja ndiye mwenye nyumba, mwenye shughuli, mwenye kila kitu kinachoonekana hapo.

Macho yote yakanigeukia. Kiongozi wa wageni, mzee mrefu mwenye koti, alikuwa ananitazama kwa adabu, akisubiri. Upande wa pili wa uzio walikuwa wamesimama ndugu zangu wawili wa kanisani, na wao wananitazama. Nikivuta, kesho nitasimamishwa kanisani. Nisipovuta, watu hawa watainuka wavuke mto wao na habari itatangulia mbele yao. Nilifungua mdomo nieleze habari ya wokovu.

Fundi akainuka alikokuwa ameketi na wachezaji. Akapiga magoti kando ya kibuyu, akavuta, akameza, akafuta midomo kwa kiganja.

"Karibuni," alisema. "Ni nzuri."

Kibanda kizima kilishusha pumzi. Mzee mwenye koti akampigia makofi ya shukrani, yale ya taratibu ya viganja viwili, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Tunakushukuru, mwenye timu. Tumeona nyumba yako, tumeona vijana wako."

Fundi akatikisa kichwa haraka. "Hapana, waitu. Timu ni ya tajiri yule pale. Nyumba ni yake. Mimi ni fundi wake tu."

Wageni wakacheka kwa furaha, kwa maana walidhani ni unyenyekevu. Wakampenda zaidi. Mzee akamvuta akae karibu naye, na mrija ukaanza kuzunguka, na hakuna tena aliyegeuka kunitazama hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio wangu mwenyewe, ng'ombe wangu anachomwa, nikiwa nje.

Aliniokoa. Nililijua hilo palepale, na kwa sababu hiyo nilizidi kumchukia. Mtu akikuibia unaweza kumshtaki. Mtu aliyekupokea mzigo mbele za watu, akaubeba vizuri kuliko wewe, utamshtaki kwa lipi?

Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nilikuwa natafuta shtaka. Nikalipata kwenye wimbo wa mwisho, nikatoka nimefurahi.

Jumatatu nilimkuta amekwisha kufika, anashona jezi mpya ya golikipa, maana ya zamani ilichanika kwenye mchezo. Nilisimama mbele ya cherehani. Nikamwambia kwamba nyumbani kwangu hapanywewi pombe. Kwamba amekunywa kwangu, mbele ya ndugu wa kanisani, amelitia doa jina langu na jina la timu. Kwamba siwezi kuwa na meneja mlevi, wala fundi mlevi.

Nilisubiri anijibu. Nilitaka anijibu. Nilitaka aseme, "Tajiri, ulitaka nani aonje?" ili tugombane kama watu wazima na hasira yangu ipate mahali pa kushika. Aliondoa mguu kwenye pedali, akakunja mikono.

"Ni kweli, waitu. Nilikunywa."

"Basi."

"Nimalize mkono huu? Umebaki mmoja."

"Uache," nikasema.

Akakata uzi, akachomeka sindano kwenye kitambaa mahali pake ili isipotee, akaniambia mafuta ya mashine yako kwenye kopo la juu. Akaondoka kwa miguu kwa sababu baiskeli ilikuwa yangu. Mke wangu aliona yote kutoka mlangoni. Hakusema kitu mchana ule wala usiku, na safari hii ukimya wake sikuufurahia mimi.

Nikawa meneja mwenyewe. Vijana hawakugoma, hawakunijibu vibaya hata mara moja. Waliniita mwenye timu kama kawaida, shikamoo zao zikiwa kamili. Ila Jumamosi hii mmoja alikuwa na kahawa ya kuchuma, na Jumamosi ile mwingine alikuwa anamjengea mjomba, na hakuna aliyekwenda kuingia shambani kwa baba zao na kikapu. Nilituma watu kuwaita. Tulicheza mara moja tukiwa wanane. Kufikia masika ng'ombe walikuwa wamerudi kwenye malisho yao, wanajikuna kwenye nguzo za goli, na nikaanza kusikia tena barabarani, polepole, kwa watu ambao wala hawakuwa na nia mbaya, "Mhaya wa dukani."

Fundi sikumwona kwa miezi. Nilisikia anashona kwa mkono nyumbani kwao, viraka na mashuka. Sikuuliza zaidi.

Kisha Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, akaingia kanisani. Hakuwa mtu wa kanisa; labda Krismasi. Alikwenda mbele akiwa na shati safi, akasimama akitazama sakafu. Akasema alikuwa mlevi na hakujua kwamba ni mlevi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia, mpaka mtu mmoja alipompenda kiasi cha kumwambia ukweli na kumwondoa kazini. Alisema mwanzoni aliumia. Alisema alikaa nyumbani akijiuliza inawezekanaje tajiri mwema kama yule amfukuze bure, akaona haiwezekani, basi lazima kosa liko kwake. Ndipo akatubu. Ameacha pombe kabisa. Akaninyooshea mkono kule nilikoketi, akasema, "Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyu."

Watu walilia. Mchungaji alilia. Waliinuka wakaimba, wakaja kunishika mikono, wanawake wakanipangusia machozi ambayo walidhani ni ya furaha. Mahali pale watu walikuwa wanatubu kila wiki, mmoja wizi wa ndizi, mwingine uchawi, tena kwa sauti, na hakuna aliyekufa. Ningeweza kusimama. Nilisimama. Nikasema, "Asifiwe Bwana," nikaketi.

Na niseme lililo baya kuliko yote. Nilipokuwa nimeketi pale sikuwa nafikiri juu ya uongo wangu. Nilikuwa nafikiri kwamba ushuhuda wake umekuwa mzuri kuliko wangu wa miaka ile. Mimi nilipovunja kibuyu, mchungaji hakulia.

Tulipotoka nje fundi alinifuata, mchungaji na mzee mmoja wa kanisa wakiwa naye, wamemshika mabega kama bwana arusi. Wachezaji watano au sita walikuwa wamekusanyika kwenye ngazi.

"Shikamoo, tajiri."

"Marahaba."

"Waitu, nimeacha. Naweza kurudi kwenye timu?"

Nilimtazama tangu kichwani mpaka miguuni nikitafuta kosa jingine.

"Hapana," nikasema.

Mzee wa kanisa alidhani hakusikia. Akauliza, bila ukali, kwa nini. Mchungaji akanitazama, vijana wakanitazama, na fundi naye alikuwa ananitazama, shingo ameinamisha kidogo, tayari kuacha chochote nitakachokitaja. Nikawaambia nina wageni nyumbani, nikapanda baiskeli.